Kipakatalishi kikikataa kushika mtandao, chunguza kadi kabla ya kununua kingine

NA MWANDISHI WETU

KIPAKATALISHI kinapokataa kushika mtandao, wengi huharakisha kutoa hukumu kwamba kimekufa. Aghalabu hukumu hiyo si ya haki. Kilichoharibika huwa ni kadi ya mtandao, kipande chembamba unachoweza kukishika kwa ncha za vidole viwili, au programu inayokiendesha kipande hicho.

Hukumu mbaya ina gharama yake. Mkazi wa Wabera, mjini Isiolo, anayetaka kuomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, kutafuta mkopo wa masomo kutoka HELB au kuwasilisha taarifa ya ushuru kwa KRA kabla ya Juni 30, hana muda wa kungoja. Mashine yake ikigoma hulazimika kupanga foleni katika saiba, au kupanda matatu hadi Meru ama Nairobi kutafuta mashine nyingine ambayo pengine hakuihitaji.

Ilhali kadi nyingi za mtandao zinaweza kutolewa na kupachikwa nyingine kwa bisibisi moja ndogo, katika muda usiozidi saa moja, kwa gharama iliyo sehemu ndogo tu ya bei ya kipakatalishi. Sharti ni kufuata utaratibu: kuchunguza kwanza, kununua kadi inayofaa, kuipachika kwa uangalifu, kisha kuisanidi ipasavyo.

Jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko zamani. Kabla ya 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na nchi za nje, na mtandao ulikuwa ghali na wa kujikokota. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari. Tangu hapo nyaya za aina hiyo zimekuwa zikisambazwa kuelekea bara, kampuni za simu zimeongeza minara, na mnamo Julai 2023 huduma ya setilaiti ya Starlink ikaanza kutolewa nchini.

Kwa hivyo, mkazi wa Wabera, wadi iliyopewa jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo aliyeuawa Juni 1963, huenda akawa amezungukwa na mtandao kila upande na bado kipakatalishi chake kisiuone.

KADI HUFANYA KAZI GANI?

Kadi ya mtandao ni mkalimani. Tarakilishi huongea kwa lugha ya tarakimu. Ruta, kile kifaa kinachosambaza mtandao nyumbani au ofisini, hurusha na kupokea mawimbi ya redio. Kadi hugeuza tarakimu kuwa mawimbi na mawimbi kuwa tarakimu. Isipokuwepo, viwili hivyo havisikilizani hata vikiwekwa juu ya meza moja.

Mwanzoni mawasiliano hayo yalipitia kwenye waya pekee. Mfumo wa Ethernet, ambao hadi leo hutumika kuunganisha tarakilishi kwa waya, ulibuniwa mnamo 1973 na Robert Metcalfe na wenzake katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani. Viwango vya kwanza vya mtandao usiotumia waya, tunaouita waifai, vilitolewa 1997.

Hata baada ya hapo, vipakatalishi vingi vilikuwa bado havina kadi ya waifai ndani. Mwenyewe alinunua kadi ya PCMCIA, yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki, na kuichomeka ubavuni mwa mashine. Mnamo Machi 2003 kampuni ya Intel ilizindua mfumo wa Centrino, na kuanzia wakati huo ikawa kawaida kwa vipakatalishi kuuzwa vikiwa na kadi ya waifai tumboni.

Kadi hiyo ya tumboni ndiyo inayozungumziwa hapa.

CHUNGUZA KABLA YA KUSHIKA BISIBISI

Swali la kwanza ni hili: je, simu au kipakatalishi kingine kinashika mtandao huo huo? Ikiwa hakuna kinachoshika, tatizo liko kwenye ruta au kwa anayetoa huduma. Kadi haina hatia.

Swali la pili: je, waifai imezimwa? Vipakatalishi vya zamani vina swichi ndogo ubavuni ambayo husukumwa kwa bahati mbaya mashine inapotiwa mkobani. Vingine huzima na kuwasha waifai kwa kitufe chenye picha ya antena au ndege, kilicho katika safu ya juu ya kibodi. Watu wengi wameponea gharama kwa kubonyeza kitufe hicho kimoja.

Hatua ya tatu ni kuwasha mashine upya. Chagua amri ya kuwasha upya badala ya kuizima na kuiwasha. Mfumo wa Windows, katika matoleo yake ya miaka ya karibuni, huwa hauzimiki kikamilifu ukizimwa kwa njia ya kawaida. Huhifadhi sehemu ya hali yake ili uwake haraka, na huenda ukahifadhi pamoja nayo hitilafu unayotaka kuiondoa.

Ikiwa bado mambo hayajatengemaa, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi X, kisha ufungue sehemu iliyoandikwa Device Manager. Hapo utaona orodha ya vifaa vyote ambavyo tarakilishi inavitambua. Tafuta kundi la Network adapters, yaani kadi za mtandao.

Majibu huwa matatu. Kadi ikiwa imeorodheshwa lakini ina alama ndogo ya manjano, kadi yenyewe huenda ni nzima na shida ni programu-endeshi, yaani programu inayoifundisha Windows jinsi ya kuitumia. Ikiwa ina alama ya mshale unaoelekea chini, imezimwa. Ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uiwashe. Ikiwa haimo kabisa katika orodha, basi imelegea, imeharibika, au imezimwa katika BIOS, ile programu ya kuwashia mashine.

Kuna jaribio jingine lisilogharimu chochote. Unganisha simu na kipakatalishi kwa waya wa USB, kisha uiagize simu igawe mtandao wake kupitia waya huo. Kipakatalishi kikipata mtandao kwa njia hiyo, utakuwa umethibitisha kwamba mfumo wake ni mzima na kwamba lawama ni ya kadi ya waifai au programu-endeshi yake.

Anayempelekea fundi mashine pia afanye uchunguzi huu mapema. Fundi akimwambia kwamba bodi kuu ndiyo iliyokufa, ana haki ya kumwomba ajaribu kadi nyingine kwanza mbele ya macho yake.

KADI IPI INAFAA?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu kadi hazifanani. Vipakatalishi vya miaka ya 2003 hadi takriban 2007 vilitumia kadi za Mini PCI. Vilivyofuata, hadi takriban 2014, vilitumia Mini PCI Express, ambayo katika umbo lake fupi ina upana wa milimita 30 na urefu wa karibu 27. Vya baadaye hutumia kadi ya M.2, yenye upana wa milimita 22 na urefu wa 30. Kadi ya aina moja haiingii katika nafasi ya nyingine.

Njia ya hakika ni kufungua mashine, kuitazama kadi ya zamani na kusoma maandishi yaliyo juu yake kabla ya kwenda dukani. Afadhali zaidi, ibebe.

Hata hivyo, kadi kuingia si hoja ya mwisho. Kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza uko katika baadhi ya vipakatalishi vya zamani, hasa aina fulani za ThinkPad na HP. BIOS yake ina orodha ya kadi zilizoruhusiwa, na ukipachika kadi isiyo katika orodha hiyo mashine hukataa kuendelea kuwaka. ThinkPad huonyesha kosa nambari 1802; HP huonyesha nambari 104. Kadi huwa nzima na mashine huwa nzima, ila mtengenezaji amefunga mlango. Dawa ni kununua kadi iliyotajwa katika kitabu cha maelezo cha mashine hiyo.

Mtego wa pili unahusu kadi za M.2 kutoka Intel. Baadhi yake, kama 9560, AX201 na AX211, si kadi kamili. Sehemu ya kazi yake hufanywa na vibanzi vilivyo kwenye bodi ya mashine yenyewe, na kwa hivyo hufanya kazi tu katika vipakatalishi vyenye prosesa za Intel zilizoundwa kwa mpango huo. Kadi kamili, kama 9260, AX200 na AX210, zinaweza kutumika katika vipakatalishi vingi zaidi. Majina AX200 na AX201 yanatofautiana kwa tarakimu moja tu, lakini tofauti hiyo yaweza kukurudisha dukani.

Mtego wa tatu ni mfumo-tumizi. AX200 na AX210 zina programu-endeshi za Windows 10 na 11 za biti 64. Anayetumia Windows 7 hatafaidika nazo. Wanaotumia Linux wanahitaji toleo la 5.10 au la baadaye ili AX210 itambuliwe. Ikumbukwe kwamba Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa jumla mnamo Oktoba 14, 2025, na baadhi ya wenye mashine zisizokubali Windows 11 wanahamia Linux.

Mwisho, baadhi ya vipakatalishi vyembamba vina kadi iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Hiyo haibadilishwi kwa bisibisi. Kwa wenye mashine kama hizo, na kwa yeyote asiyetaka kufungua mashine, kuna kijiti cha waifai kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Hakipendezi kikining'inia nje na ni rahisi kukivunja au kukipoteza, lakini kazi hukifanya.

KUFUNGUA NA KUPACHIKA

Zima mashine kikamilifu na uchomoe chaja. Ikiwa betri inatoka, itoe. Ikiwa iko ndani, utaichomoa kutoka kwenye bodi mara tu utakapofungua kifuniko. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliosalia uishe.

Mtu wa Isiolo ana sababu ya ziada ya kuwa mwangalifu. Hewa kavu huzidisha umeme tuli, ule unaokuchoma kidogo unapovua sweta au kushika kitasa cha chuma. Mwili wa mtu hauoni athari kubwa, ila kibanzi cha kadi kinaweza kuungua bila hata cheche kuonekana. Gusa chuma kisichopakwa rangi kabla ya kushika kadi, usifanye kazi hii juu ya zulia au blanketi, na ushike kadi kwa kingo zake bila kugusa meno yake ya dhahabu.

Vumbi nalo ni adui. Fanyia kazi mezani, ndani ya nyumba, mahali pasipopigwa na upepo. Panga skurubu kwenye karatasi kwa kufuata zilivyotoka, kwa kuwa urefu wake hutofautiana, na skurubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi inaweza kutoboa bodi.

Piga picha ya kadi kwa simu kabla ya kuigusa. Utaona waya mbili nyembamba zimebanwa juu yake kwa vichwa vidogo vya duara. Hizo ndizo antena, na huzunguka ndani ya kifuniko hadi pembezoni mwa kioo. Mara nyingi moja ni nyeusi na nyingine nyeupe au ya kijivu.

Zinyanyue kutoka kwenye kadi kwa kuvuta juu wima kwa ukucha au kijiti cha plastiki. Usivute kwa kuishika waya yenyewe. Vichwa hivi havikutengenezwa kuchomolewa mara nyingi, na kikikatika, kazi ya dakika 10 hugeuka kuwa ya kubadilisha antena nzima.

Fungua skurubu inayoishikilia kadi. Upande mmoja utainuka wenyewe. Vuta kadi nje kwa mshazari huo huo. Ingiza mpya kwa mshazari, ilaze, kisha urudishe skurubu bila kuikaza kupita kiasi. Kadi ikikataa kuingia, usiilazimishe. Huenda pengo lililo katika meno yake halilingani na la nafasi ile, na hiyo ni ishara kwamba si kadi yake.

Rudisha antena. Kwa kawaida waya nyeupe au ya kijivu huenda kwenye alama ya pembetatu nyeupe au nambari 1, na nyeusi kwenye pembetatu nyeusi au nambari 2. Bonyeza hadi usikie mlio mdogo. Wanaotoka Mini PCI Express kwenda M.2 kwa kutumia kipande cha kuunganishia wajue kwamba vichwa vya antena vya M.2 ni vidogo zaidi, na vya zamani havitaingia.

KUSANIDI

Windows 10 na 11 hutambua kadi nyingi zenyewe. Ikiwa haikutambuliwa, hapo hutokea kitendawili: unahitaji mtandao ili kupata programu-endeshi, na unahitaji programu-endeshi ili kupata mtandao. Simu hukitegua. Gawa mtandao kupitia waya wa USB kama ilivyoelezwa, kisha uingie kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kipakatalishi au wa kadi.

Ikiwa jina la kadi halijulikani, rudi Device Manager, fungua maelezo ya kifaa chenye alama ya manjano na usome nambari yake ya utambulisho. Herufi VEN zikifuatwa na 8086, mtengenezaji ni Intel. 10EC ni Realtek. 14E4 ni Broadcom. 168C ni Qualcomm Atheros. Epuka programu za bure zinazodai kutafuta programu-endeshi zote kwa mpigo mmoja. Nyingi huleta matangazo, na nyingine huleta wadukuzi.

Baada ya hapo chagua jina la mtandao na uandike nywila. Acha mashine ipokee anwani yake kutoka kwa ruta bila wewe kuijaza, isipokuwa msimamizi wa mtandao amekuagiza vingine. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kadi inafanya kazi lakini ruta haijaipa anwani. Washa ruta upya.

Katika shule na ofisi kuna jambo la ziada. Kila kadi ina anwani yake ya kipekee ya tarakimu na herufi 12. Baadhi ya mitandao huruhusu tu anwani zilizosajiliwa, na kadi mpya ina anwani mpya. Mjulishe msimamizi.

Kwa anayetumia data ya simu, mpangilio mmoja unaweza kuokoa pesa kuliko mwingine wowote. Fungua sifa za mtandao huo katika Windows na uutie alama kuwa ni mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Bila alama hiyo, Windows hudhani mtandao hauna kikomo, na hupakua masasisho makubwa kimyakimya hadi kifurushi cha wiki kiishe kabla ya adhuhuri.

Ukiwa katika mkahawa au saiba, uchague pia kwamba mtandao ni wa umma, ili mashine nyingine zisiione yako.

KADI MPYA HAITIBU KILA KITU

Kuna wanaobadilisha kadi na bado tovuti zikakataa kufunguka, kwa onyo kwamba si salama. Tazama saa na tarehe ya mashine. Kipakatalishi cha zamani ambacho betri yake ndogo ya saa imekwisha hurudi nyuma miaka mingi kila kikizimwa, na tovuti za benki na za serikali humkataa mtu ambaye tarehe yake hailingani na vyeti vyake vya usalama. Sahihisha tarehe kabla ya kulaumu kadi.

Aidha, kadi ya kizazi cha 6 cha waifai haitaongeza kasi ikiwa ruta ni ya kizazi cha 4, wala haitarefusha kifurushi cha data. Kasi ya safari huamuliwa na sehemu nyembamba zaidi ya njia.

Kuta na mabati pia yana neno. Mawimbi ya masafa ya gigahezi 5 hubeba data kwa kasi lakini huchoka upesi yanapokutana na ukuta wa mawe. Yale ya gigahezi 2.4 huenda mbali zaidi ila hubanana na ya majirani. Mabati huyarudisha yote. Mwenye ruta ndani ya nyumba ya mabati huku yeye akifanya kazi nje ya nyumba hiyo asishangae. Aisogeze karibu na dirisha au mlango kabla ya kununua chochote.

Mtu akishafuata hatua hizi zote na mashine bado isione kadi yoyote, hata iliyothibitishwa kufanya kazi katika mashine nyingine ya aina hiyo hiyo, hapo ndipo anapoweza kusema kwamba nafasi ya kadi kwenye bodi imeharibika. Hata hapo kijiti cha USB hubaki kuwa njia, na kipakatalishi huendelea kutumika.